Upande wa Kichwa cha Kitabu

Baba yangu,

Nimekukasirikia tangu Jumanne. Najua marehemu hakasirikiwi, na mama akisikia atasema mji umenimaliza adabu, lakini mama yuko kijijini ushago na wewe umelala nyuma ya nyumba yake, kwa hivyo hakuna wa kunikataza. Leo nitasema yote.

Kinachoniuma si kwamba ulikuwa na siri. Kila mtu ana yake. Kinachoniuma ni kwamba yako nimeambiwa na mtu baki, mama mzee ambaye hata hakukujua, nikiwa darasani na chaki mkononi. Tumeishi chumba kimoja mimi na wewe, tumekula sufuria moja, umenisuka nywele vibaya miaka mingi kwa sababu mama hakuwepo, halafu neno moja hukuweza kuniambia. Ulisoma kitabu kikiwa juu chini, Baba. Hilo tulilijua wote. Kwa nini ulisoma hivyo, hapo ndipo ulipofunga mdomo. Neno hilo moja lingekuokoa ile Jumapili ya kanisani, na lingeniokoa mimi miaka iliyofuata.

Acha nianze mbali kidogo, maana hasira ikitangulia nitaongea ovyo.

Unakumbuka kile chumba cha Sarang'ombe, kwa Mama Zainabu, yule Mnubi aliyetupangisha nyuma ya nyumba yake huko Kibera? Uhuru ulikuwa bado mchanga. Mama alibaki nyumbani na shamba na wadogo zangu, wewe ukanileta Nairobi nisome, na majirani wakakucheka kwamba mwanaume mzima, seremala, analea msichana peke yake mjini. Uliniita Mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yako, Nafula, aliyekufa wewe ukiwa mtoto wa kubebwa. "Mama, njoo tusome." Watu wasiotujua waligeuka kutafuta huyo mama yako yuko wapi.

Meza uliitengeneza kwa mabaki ya mbao za vitanda. Ndogo, na mguu mmoja ulikuwa mfupi ukautilia kibao. Jioni ukitoka kazini uliiweka mlangoni penye mwanga, stuli moja ndani, stuli moja nje. Mimi nilikaa ya ndani. Kitabu kilikaa katikati kikinitazama mimi. Wewe ulikaa ng'ambo, kidole chako kikaingia kwenye ukurasa kutokea juu, kikashuka mstari kwa mstari, na hukuruka hata silabi. Nilidhani ndivyo dunia nzima inavyosoma: watu wawili, kitabu katikati, mmoja huku na mwingine kule. Siku niliyoingia darasa la kwanza nikamwona mwalimu ameshika kitabu peke yake kifuani, nilimhurumia. Nilifikiri hana mtu.

Nilidhani pia ni upendo. Nilidhani unaniachia upande mzuri wa kitabu kama ulivyonimegea firigisi ya kuku, kitu ambacho kwetu msichana hagusi. Sikujua kwamba upande ule mwingine hukuuweza. Ningejuaje, wakati ulisoma vizuri kuliko wale waliosoma sawasawa?

Na ulisoma, Baba. Jumapili mchana gazeti lilikuwa moja kwa ploti nzima, na lilikuwa lako. Wapangaji walitoka na viti vyao na masufuria ya kugeuza kuwa viti, askari wa usiku akatoka na macho yake mekundu kwa kukosa usingizi, na wewe ukalitandaza mezani, mimi ng'ambo kwenye stuli yangu, ukasoma kwa sauti. Ulipumzika penye nukta. Mtoto akilia ulirudia. Mtu akibisha, ulisoma tena polepole, halafu ukamwangalia. Walifikiri unaligeuza gazeti ili mimi nijifunze, na wewe ukawaacha wafikiri hivyo.

Siku moja ulinikuta nimejikunja kitandani na kitabu cha shule, midomo nimeibana, kwa sababu mwalimu wetu alikuwa anatuchapa rula tukisogeza midomo.

"Unafanya nini, Mama?"

"Nasoma."

"Mbona sisikii?"

"Mwalimu amesema tusome kimya."

Ulichukua ndoo. "Kimya ni ya mtu anakula amefunga mlango," ukasema, ukaenda kuchota maji.

Halafu kulikuwa na barua. Akina mama walileta barua kutoka nyumbani, zingine zimekunjwa mpaka zimekuwa kama njugu, wakaziweka mezani kwetu. Kila moja uliipitia yote kwa macho kwanza. Kama ilikuwa barua ya salamu na kuomba sukari, ulianza kusoma hapo hapo. Kama ilikuwa na msiba ndani, uliinua kichwa ukaniambia, "Mama, bandika chai." Na mimi, niliyekuwa nimeshaona neno "amefariki" kwa upande wangu wa meza, nilibandika. Yule mama alikunywa chai yake, ndipo ukasoma. Mpaka leo harufu ya majani ya chai ikinipata ghafla, moyo hushtuka.

Mama Zainabu ndiye pekee aliyewahi kukuuliza. Watoto wake walitoka chuo cha Kurani na mbao zao za kuandikia, wakakaa barazani wakisoma kuanzia kulia, wakiyumba yumba. Alisimama nyuma yako siku moja, akaangalia gazeti, akakuangalia.

"Fundi, sisi twaanzia kulia, Wakristo mwaanzia kushoto. Wewe waanzia wapi?"

Ukacheka. "Mimi napitia darini, Mama Zainabu."

Naye akacheka, yakaisha. Kibera haikuwa na shida na wewe. Mtu aingie kwenye kitabu kwa mlango au kwa dirisha, bora atoke na habari.

Shida ilikuja tulipohamia Kawangware. Ulipata kibanda kizuri cha kazi karibu na barabara, chumba chenye sakafu ya simiti, kwenye ploti ya Mzee Wanyoike. Yule mzee shamba lake la mahindi lilikuwa limekwisha kuwa mistari ya vyumba vya mabati, na alikuwa mzee wa kanisa. Sitaki kumsema vibaya, ingawa ningependa. Baba yake alikuwa mmoja wa wale wa kwanza upande wa Riruta kushika kitabu cha wamisheni, na alifukuzwa kwao kwa sababu hiyo. Wakikuyu waliwaita athomi, wasomaji. Kwetu magharibi pia tuliwaita hivyo hivyo, basomi. Si ajabu hiyo? Watu wa milima miwili mbalimbali, hawajasalimiana, wanamwona mtu ameacha matambiko na kuvaa shati jeupe, na jina wanalompa si la Mungu wake, ni la kusoma kwake. Zamani hizo, bila kusoma mtu hakubatizwa. Kwa hivyo kwa Mzee Wanyoike kusoma hakukuwa mchezo. Ndicho kitu ambacho kwa ajili yake baba yake alitupa kila kitu kingine.

Msomaji wa kanisa letu alipohama, pasta aliuliza nani kati ya wapangaji anasoma Kiswahili vizuri. Nusu ya kanisa walikuwa watu waliotoka Kibera. Walikutaja kwa sauti moja. Sijawahi kukuona vile, Baba. Ulipiga pasi koti kwa makaa mpaka likang'aa viwiko. Wiki nzima tulisoma lile somo mezani, wewe huku, mimi kule, na mwisho uliniambia, "Mama, mimi nitasomea watu mia." Ulikuwa na furaha ya mtu aliyeitwa kwa jina lake. Ulikuwa umeitaka hiyo nafasi zaidi ya kitu chochote nilichowahi kukuona unataka, na ndiyo maana siwezi kukusamehe haraka.

Ile Jumapili ulitembea mpaka mbele. Biblia ilikuwa kwenye kile kimeza cha mteremko, imefunguliwa tayari. Uliiangalia. Ukaichukua kwa mikono miwili, taratibu, ukaigeuza, ukairudisha. Kwaya wakaanza kucheka kwa pua. Wewe ukaanza kusoma, na sauti yako ikaenda mpaka kwa wale wa mlangoni, na kucheka kukaanza kupungua, naapa kulikuwa kunapungua, mpaka Mzee Wanyoike akasimama.

"Ngoja kidogo. Fundi, hiyo kitabu iko juu chini."

"Najua, Mzee."

"Sasa unasoma nini?"

"Nasoma vile imeandikwa."

Kanisa likaangua kicheko. Mzee Wanyoike hakucheka. Alikwenda mbele, akaigeuza Biblia, akafungua mahali pengine kabisa, akaweka kidole. "Soma hapa."

Baba, ulikuwa na njia ngapi pale? Ungeigeuza tena ukasoma hapo alipoweka kidole, wangeziba midomo. Ungesema, "Mimi nilifundishwa hivi." Ungeomba gazeti la asubuhi hiyo, ambalo hakuna binadamu angeweza kulikariri. Wewe uliangalia ule ukurasa kama mtu anayeangalia nyumba aliyowahi kuishi. Ukaifunga Biblia. Ukasema, "Asante, Mzee," ukarudi kwenye benchi.

"Tunataka msomaji," Mzee Wanyoike akawaambia watu. "Hatutaki kasuku."

Njiani nilikupigia kelele. Nilikuwa darasa la sita na sikujali nani ananisikia. "Kwa nini hukusoma?"

"Nimesoma. Hukunisikia?"

"Kwa nini hukusoma pale amesema?"

"Mimi sisomi kwa ushahidi, Mama. Nasoma watu wasikie."

Jibu zuri hilo. Watu wangeliandika ukutani. Lakini jibu zuri halikusaidia kitu, kwa sababu tangu siku hiyo hukusoma tena. Gazeti ulianza kulitumia kufungia misumari. Meza ikapelekwa pembeni, ikawekwa stovu. Majirani walipoleta barua uliwaambia, "Mpelekeeni Nafula, macho yangu yamechoka." Macho yako, ambayo yalikuwa yanaona ufa kwenye mbao kabla randa haijapita. Wakaniletea mimi, mtoto, na hukunifundisha kusubiri chai. Nilisoma misiba ya watu kwa sauti ya matokeo ya mpira, nao wakalia mbele yangu na sikujua niweke wapi mikono.

Na kuna jambo baya zaidi. Ulinyamaza muda mrefu mpaka na mimi nikaanza kujiuliza. Labda Mzee Wanyoike alisema kweli. Labda ulikuwa unasikia mimi nikisoma, unashika kichwani, unarudisha. Mtoto asiyepewa maelezo hujitengenezea yake, na yangu yalikuwa machungu. Wewe ndiye uliyeyaruhusu, Baba, si Mzee Wanyoike.

Miaka ikaenda. Nikamaliza shule, na serikali ikatangaza kwamba kila mtu mzima lazima ajue kusoma, na mimi nikaajiriwa kufundisha ngumbaru, watu wazima, mchana, ndani ya lile lile kanisa la mabati. Karani akapita ploti kwa ploti akiandika majina ya wasiojua kusoma. Ulimpa lako. Ulisimama mlangoni pako na penseli sikioni ukamwambia, "Andika." Jina la baba yangu likaja kwenye daftari langu la mahudhurio, na hukuja hata siku moja. Kila mchana nililiita, kwa sababu ndiyo kazi, na wanafunzi wangu wazee waliinamisha macho kunionea huruma.

Walitupeleka mafunzo kidogo, na huko mwalimu mmoja mnene mwenye kikohozi alitufundisha historia ya kusoma. Nilikwenda nikidhani nitasinzia. Alianza na udongo. Watu wa kwanza, alisema, waliandika kwenye udongo mbichi, ng'ombe wangapi, nafaka kiasi gani, wakaukausha. Wafalme wengi hawakujua kusoma, walikuwa na watu wa kuwasomea. Wengine waliandika kutoka juu kwenda chini kama maji ya mvua. Karne nyingi sana watu walisoma kwa sauti, hata mtu akiwa peke yake, na kanisani zama za kale kulikuwa na askofu mmoja aliyesoma amefunga mdomo mpaka wageni wakaja kumshangaa. Kuna nchi ambako wafanyakazi wa tumbaku walichangia kumlipa mtu mmoja akae juu ya kiti awasomee siku nzima, wao wakiviringisha majani. Nilishika kalamu nikashindwa kuandika. Huyo wa tumbaku nilikuwa namjua. Nilikuwa nimekaa ng'ambo yake.

Halafu akasema kulikuwa na watu walioandika mstari mmoja kwenda kulia, na unaofuata wakarudi nao kushoto, herufi nazo zimegeuka, kwenda na kurudi, kama ng'ombe wa plau wanavyolima shamba. Darasa likacheka. Mimi nilikuja mbio mpaka kwenye kibanda chako nikuambie, kwa sababu wewe umelima kwa ng'ombe ukiwa kijana, na kwa sababu nilikuwa nakufungulia mlango. Nilitaka uingie.

Ulisikiliza mpaka mwisho, randa mkononi. "Na wakifika mwisho wa shamba," ukauliza, "nani alikuwa anawageuza hao ng'ombe?"

"Hakuna, Baba. Macho yanageuka yenyewe."

"Mhm." Ukatabasamu, ukafungua mdomo, na nikajua, nikajua kabisa kwamba unaniambia. Halafu mteja akaja kuuliza kitanda chake. Ukageuka. Nilimchukia yule mteja mwaka mzima. Kisha kifua kikakushika, tukakupeleka nyumbani, na huko hakukuwa na siku ya kuuliza mambo ya vitabu.

Sasa Jumanne. Darasani kwangu amekuja mama mmoja, Mama Rispa, ametoka upande wetu kule, anakaa na binti yake hapa Kawangware. Tangu aje alikuwa anaweka kitabu chini ya mkono bila kukifungua. Jumanne nikaenda kukaa mbele yake, nikafungua kitabu changu mwenyewe kwenye benchi, kikinitazama mimi, nimwonyeshe a na e. Akakipitia chote. Ukurasa mzima, kutoka ng'ambo, kidole kikishuka kutokea juu.

Baba, chaki ilianguka.

"Nani amekufundisha hivyo, Mama?"

"Misheni," akasema, kama mtu anayesema sokoni. "Kitabu kilikuwa kimoja, mwalimu. Inawekwa kwa mkeka, tunaizunguka. Mtoto wa katekista na wale wa watu wakubwa wanakaa miguuni ya kitabu, wanaona sawa. Wengine wanakaa ubavuni. Kichwani ni ya mayatima na sisi wa kukaa kwa watu. Ukikaa hapo leo, kesho ni hapo hapo. Huwezi sogea."

"Na mlipobatizwa? Si mlipimwa kusoma?"

"Pasta alikaa ng'ambo na kitabu yake. Nikasoma. Hakujua kitu." Akacheka kidogo. "Shida ilikuja wakati kila mtu alipata yake."

"Kwa nini hukuwaambia watu?"

Akaniangalia kama mimi ndiye ngumbaru. "Ukimwambia mtu ulikaa kichwani, umemwambia ulikula makombo kwa nani. Mimi nimekuja hapa unifundishe kugeuza."

Niliwaruhusu wote waende nyumbani. Nikakaa pale peke yangu kwenye benchi.

Kwa hivyo ndivyo. Ulikuwa mtoto wa kukaa kwa watu, kwa mjomba wako aliyekulea, yule ambaye hukumtaja bila kutema mate pembeni. Kuigeuza Biblia mbele ya kanisa ukaeleza kwa nini, ilikuwa ni kuwaambia Mzee Wanyoike na kwaya na wapangaji wote kwamba ulikuwa yatima wa upande wa kichwa. Ulikubali kuitwa kasuku badala ya hilo. Na kila jioni kule Sarang'ombe, ukisema "Mama, kaa hapo," ulikuwa unanikalisha pale alipokaa mtoto wa katekista. Mimi, mwenye jina la mama yako. Ulichukua kiti chako cha zamani bila kuambiwa na mtu, ukanipa kile kingine.

Nimeelewa, na bado nimekasirika. Usidhani kuelewa kumenipoza. Aibu hiyo haikuwa yako. Ilikuwa ya hao waliopanga watoto kuzunguka kitabu kama wanavyopanga watu kwenye sherehe. Uliibeba ya wengine, ukaificha kwangu, ukaniachia mimi shaka. Mzee Wanyoike amekwisha kufa, Mungu amrehemu, mjomba wako pia. Sina mtu mwingine wa kugombana naye ila wewe.

Jana mkaguzi alikuja kutoka ofisini kuwapima wanafunzi wangu. Akisema mtu hajui, cheti hakuna, na Mama Rispa tangu Jumanne alikuwa hajalala kwa hofu. Kugeuza hakukuwezekana kwa siku tatu. Asubuhi niliondoa stovu, nikapangusa ile meza yako, nikaibeba kichwani mpaka kanisani na stuli zake mbili. Nikaiweka pale mbele, karibu na kile kimeza cha mteremko. Zamu ya Mama Rispa ilipofika nikamkalisha upande ule, mimi upande huu, kitabu kikanitazama mimi.

"Mwalimu," mkaguzi akasema, "kitabu kinakuangalia wewe."

"Ndiyo. Na yeye ndiye anasoma. Chagua ukurasa wowote."

Akachagua. Mama Rispa akasoma. Mkaguzi akazunguka akasimama nyuma yake, akainamisha kichwa mpaka shingo ikapinda, akifuata kwa kalamu. Alipomaliza, mkaguzi akachagua ukurasa mwingine, nao ukasomwa. Akaandika "anasoma" akamwita anayefuata. Hakuna aliyecheka. Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai, na kilichohitajika ni meza, na mtu wa kukaa ng'ambo.

Hapo ndipo nilipolia, mbele ya mkaguzi na watu wote, nikasingizia vumbi. Kwa sababu ile Jumapili, Baba, mimi nilikuwa pale. Nilikuwa benchi ya tatu upande wa wanawake, na gauni la manjano ulilonishoneshea kwa ajili ya siku yako. Somo nilikuwa nalijua, na kazi ya kukaa mbele yako niliijua kuliko kitu chochote. Hukuhitaji kueleza yatima wala mjomba wala mkeka. Ungeniita tu. Ungesema, "Mama, njoo," kama kila siku, ningekuja nikasimama mbele yako, nikaishika Biblia kifuani kwangu ikinitazama mimi, nawe ungewasomea watu mia. Wangedhani unanifundisha.

Basi, nimesema. Lala, Baba, sitakupigia kelele tena leo. Meza nimeirudisha nyumbani, na barua hii nimeiweka juu yake, ikinitazama mimi, na stuli yako iko nje mlangoni penye mwanga. Ukiisoma, isome kwa sauti.

Ni mimi binti yako, yule uliyemwita Mama